Tamasha la Jahazi Lilizungumza Lugha ya Nani?

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa hapa Shirere, alinijia akiwa na simu mkononi na fomu ya kurasa mbili. Ndani ya simu hiyo mlikuwamo filamu ya dakika kumi na mbili aliyoipiga mwenyewe kwa msaada wa binamu zake. Inasimulia kisa cha bibi kizee ambaye mwanawe amefukiwa na udongo katika shimo la dhahabu kule Ikolomani. Bibi huyo anakwenda nyumbani kwa mwenye shimo, si kudai fidia, bali kudai maiti ya mwanawe. Afikapo mlangoni hatamki neno lolote la shutuma. Anasema, "Mulembe." Mwenye shimo ananyamaza. Anasema tena, "Mulembe." Mara ya tatu ndipo yule bwana anapoitikia, na kwa kuitikia kwake anakuwa amekwisha kuungama, kwa maana neno hilo kwetu ni salamu na ni amani pia, na mwenye damu mikononi haliitikii kwa wepesi.

Fomu ilikuwa ya tamasha moja la ng'ambo. Ilitaka maandishi ya Kiingereza yapite chini ya picha tangu tukio la kwanza hadi la mwisho. Penye "mulembe" mwanafunzi wangu alikuwa ameandika ile salamu nyepesi ya Kiingereza ambayo watu hutupiana wanapopishana njiani. "Mwalimu," akaniuliza, "nimekosea wapi? Nyumbani watu walilia. Chuoni, wenzangu wasiojua Kiluhya walicheka, wakasema huyu nyanya ni mchangamfu kweli."

Sikuwa na jibu siku ile, na ninaandika makala haya kwa sababu nimekuwa nikilitafuta. Swali lake si la filamu moja. Kila tamasha la filamu katika Afrika Mashariki limezaliwa nalo, na mahali pazuri pa kulitazama ni pale lilipozaliwa tamasha letu mashuhuri kuliko yote, yaani Zanzibar.

Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar liliasisiwa mwaka wa 1997, na filamu za kwanza zikaonyeshwa mwaka wa 1998. Hizo hazikuwa siku za raha Visiwani. Uchaguzi wa mwaka wa 1995 ulikuwa umeacha jeraha bichi baina ya CCM na CUF. Wafadhili walikuwa wamezuia misaada yao. Muafaka wa kwanza baina ya vyama hivyo haukutiwa sahihi hadi mwaka wa 1999, na hata huo haukuzuia damu kumwagika Januari 2001. Karafuu haikuwa tena na bei ya kujivunia, na macho ya wengi yalikuwa yamegeukia utalii. Katika hali hiyo wakatokea watu, wenyeji na wageni waliohamia Mji Mkongwe, wakasema: tuwaite watengenezaji filamu wa bahari yote ya Hindi waje kukutana Ngome Kongwe.

Mahali penyewe palikuwa na maana. Ngome hiyo ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kutimuliwa. Kuta zilizojengwa ili kuwazuia watu wa baharini wasiingie sasa zikawa zinawakaribisha. Kitambaa cheupe kikatundikwa, watu wakaketi juu ya ngazi za mawe chini ya nyota, na popo wakipita mbele ya picha. Haikuwa filamu tupu: palikuwa na ngoma, maonyesho ya sanaa, warsha, na mashindano ya vyombo baharini. (Muziki ulikua mpaka ukahitaji nyumba yake, tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka wa 2004.)

Jambo hili la matamasha halikuanzia kwetu, wala halikuanza likiwa safi. Venice ilitangulia mwaka wa 1932, Italia ikiwa chini ya Mussolini. Cannes ilikusudiwa ianze mwaka wa 1939, vita vikaivuruga hadi mwaka wa 1946. Berlin ilifuata mwaka wa 1951, katikati ya uhasama wa Mashariki na Magharibi. Barani Afrika, Carthage ya Tunisia ilianza mwaka wa 1966 na Ouagadougou mwaka wa 1969. Kila moja lilikuwa na hoja ya kisiasa nyuma ya pazia. Hoja ya Zanzibar ilikuwa ipi? Mimi naiona katika jina.

Kwa Kiingereza tamasha lilijiita la nchi za dhow; kwa Kiswahili, Tamasha la Nchi za Jahazi. Mtu wa isimu hawezi kulipita jina kama hili bila kusimama. Neno hilo la Kiingereza asili yake inabishaniwa hadi leo, na wako wanaoshikilia kwamba lilitokana na "dau" letu. Ikiwa ni hivyo, basi Mwingereza alichukua jina la chombo kimoja kidogo, akalibandika juu ya kila chombo chenye tanga la pembetatu alichokiona toka Lamu hadi Kuwait. Mswahili hachanganyi. Kwake dau ni dau, mashua ni mashua; ngalawa ina matengo yake ubavuni; mtepe, uliokwisha kutoweka majini, ulishonwa kwa kamba bila msumari; na jahazi ni chombo cha shehena, cha kuvuka nacho. Waasisi walipofika kwenye Kiswahili walichagua jahazi, nao walichagua vyema. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na Mhindi naye huita meli jahaz. "Tamasha" vilevile limesafiri: limepita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kutia nanga kwetu. Ukilitamka jina hilo Mumbai au Muscat, mtu atakamata nusu yake bila mkalimani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja, na ilikuwa hoja kubwa: kwamba ipo dunia iliyounganishwa na pepo za kaskazi na kusi kabla ya kuunganishwa na London, na kwamba dunia hiyo inaweza kukaa ikatazama picha zake yenyewe. Lakini tazama jina la mkato. Tamasha likajulikana, na bado linajulikana, kwa herufi nne, ZIFF, ambazo ni vifupisho vya maneno manne ya Kiingereza. Kwenye bango palikuwa na jahazi. Kwenye mhuri palikuwa na Kiingereza. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa dogo eti kwa kuwa ni herufi tu. Mhuri ndio uandikao barua kwa mfadhili, na barua hiyo ndiyo iamuayo nani atakuwa jaji, nani atasimama jukwaani kujadili, na mjadala uendeshwe kwa lugha gani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Wazanzibari walitazama sinema miaka na mikaka bila kujua lugha zake, na hawakudhurika. Ni kweli, na historia hiyo ni tamu. Mji ulikuwa na Majestic, Empire na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Cine Afrique. Picha za Kihindi na za Kimisri zilijaza kumbi hizo. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India mwaka wa 1951, ilipendwa mno, na wengi wa waliosongamana milangoni hawakuwa na Kihindi cha kuombea maji. Nyimbo za filamu zilihama na miguu yake: mahadhi yalichukuliwa, yakavishwa maneno ya Kiswahili, yakaimbwa katika taarabu.

Hata hivyo tusiishie mlangoni mwa ukumbi. Picha ilipokwisha, watu walikwenda wapi? Walikwenda barazani. Pale kwenye vibaraza vya mawe palifanyika kazi ambayo hakuna mtengenezaji filamu wa Bombay aliyeifahamu: aliyejua maneno mawili matatu ya Kihindi alifafanua, aliyekuwa amelala aliuliza, mama wa makamo akahukumu kwamba yule baba mkwe hana haya, kijana akamtetea shujaa, na ubishi ukaendelea hadi adhana ya alfajiri. Filamu ilikuwa ya Kihindi, lakini hukumu yake ilitolewa kwa Kiswahili. Kwa njia hiyo ikawa mali ya mji. Mtu anaweza kutazama kwa lugha asiyoijua. Kuhukumu kwa lugha asiyoijua hawezi.

Kufikia miaka ya 1990 kumbi hizo zilikuwa hoi. Televisheni ya rangi ilikuwa imefika Zanzibar mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha kanda za video zikamaliza zilichobakiza. Kwa hiyo tamasha la mwaka wa 1998 lilikuja kwenye mji uliokuwa na wajuzi wa sinema wasio na sinema. Lilileta picha. Baraza je? Baraza lilihamia kwenye warsha na vikao vya wageni, na warsha ya watu waliotoka nchi nyingi mno huegemea lugha ya yule mwenye kulipa nauli. Bibi aliyeijua Awara kwa moyo, ambaye angeweza kumfundisha kijana wa chuo cha filamu jambo moja au mawili kuhusu machozi, hakuwa na mahali pa kuketi katika mazungumzo hayo.

Nisiwaonee waasisi. Mwaka wa 1998 ungezitoa wapi filamu za Kiswahili za kujaza juma zima? Tanzania ilikuwa imetoa Fimbo ya Mnyonge miaka ya 1970, Arusi ya Mariamu mwaka wa 1985, Mama Tumaini mwaka uliofuata, na nyingine za kuhesabika kwa vidole. Huku kwetu Kenya, Kolormask ya Sao Gamba ilitoka mwaka wa 1986 na Saikati ya Anne Mungai mwaka wa 1992. Baada ya kila moja palifuata ukimya mrefu. Huwezi kuulaumu mkeka kwa uchache wa wageni. Isitoshe, kuna jambo moja ambalo tamasha lile lilifanya ambalo matamasha mengi tajiri hayajalithubutu: lilitoka nje ya ngome. Filamu zilipelekwa mashamba, Unguja na Pemba, zikaonyeshwa bure kwa watu ambao hawakuwa na sababu ya kupanda daladala kwenda mjini usiku.

Naomba nikae kidogo kwenye hilo, kwa kuwa hapo ndipo penye jibu ninalolitafuta.

Gari la sinema si jambo geni kwetu. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937, jaribio moja la filamu za elimu kwa Waafrika liliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt na mwenzake Latham. Walipiga filamu fupifupi kuhusu afya, kilimo na kuweka akiba, wakapakia mitambo juu ya lori, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini hadi Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Jambo linalonivutia ni kwamba sauti haikuwa juu ya filamu yenyewe. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, ili kila mahali paweze kuwekewa lugha yake, Kiswahili hapa, lugha nyingine kule. Watawala hao walifahamu mapema kuliko sisi kwamba picha bila lugha ya mtazamaji ni mwanga ukutani. Tofauti ni kwamba sahani ya santuri husema tu, haisikii. Mwanakijiji aliambiwa jinsi ya kuishi, kwa lugha yake mwenyewe, kisha lori likaondoka.

Mimi mwenyewe nililikuta gari la namna hiyo utotoni hapa Shirere, ingawa lile letu halikuwa la serikali; lilikuja kutangaza sabuni na dawa za kichwa. Lilipoegeshwa uwanjani jioni tulijua hakuna atakayelala. Baina ya tangazo na tangazo walituonyesha vipande vya picha za vichekesho na za mapigano. Alikuwako kijana wa kutafsiri, mwenye kipaza sauti, na alikuwa mwongo wa kupendeza. Mzungu akifungua mdomo, yeye alimtia maneno ya chifu wetu. Watu walimjibu. Walimkosoa: "Hapana, hakusema hivyo, tazama uso wake!" Wazee waliokuwa hawajui Kiingereza hata chembe walikuwa wakisahihisha tafsiri kwa kusoma nyuso, na mara nyingi, naamini, walikuwa sahihi. Sijapata tangu wakati ule kuketi katika semina ya uhakiki iliyokuwa hai kiasi hicho, na nimeketi katika semina nyingi.

Kipaji hicho hakikufa. Kiliingia katika vibanda vya video. Tanzania ikampata Lufufu, Uganda ikawa na watafsiri wake, nasi tukampata DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana na watoto wetu kuliko ya mwalimu yeyote wa ushairi. Walimu wenzangu huwadharau watu hawa, wakisema wanaharibu Kiswahili. Nakubali kwamba lugha yao ina vumbi la mtaani, na kwamba wanaongeza chumvi hadi mchuzi unakuwa bahari. Lakini waliifanya kazi ambayo matamasha yenye fedha na vyeti hayakuifanya: walidhani kwamba mtazamaji wa Kiswahili anastahili kuelewa filamu yote, leo hii, bila kusubiri elimu nyingine. Nikipewa nafasi ya kuanzisha tamasha, mtu wa kwanza wa kuajiriwa angekuwa mtafsiri wa kibanda, na wa pili mwalimu wa kumpa kamusi.

Mambo yamebadilika tangu siku zile, na haki itendeke kulisema. Katika miaka ya baadaye, Martin Mhando akiwa mkurugenzi, filamu za Bongo zilifunguliwa mlango Ngome Kongwe, japokuwa wapo waliozikunjia pua. Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012 ilizungumza Kiswahili na Sheng bila kuomba radhi, na ndiyo filamu ya kwanza iliyopelekwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mwaka wa 2021 Amil Shivji aliipeleka Toronto filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Wakanada walisoma maandishi chini ya picha huku masikio yao yakisikia Kiswahili cha Unguja, na hakuna aliyekimbia ukumbini. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Siku yake tunayo pia, tarehe 7 Julai. Sherehe hizo ni njema, ila lugha haikui kwa kutengewa siku; hukua kwa kupewa kazi ngumu.

Na kazi ngumu iko hapa kwetu, tena shuleni. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo sasa ni la drama na filamu, na kila mwaka mamia ya watoto hushika kamera au simu wakaambiwa wasimulie. Je, wanahukumiwa kwa lugha gani? Nimewahi kuketi katika ukumbi mmoja ambamo wanafunzi walionyesha filamu ya Kiswahili kisha maoni yakatolewa kwa Kiingereza tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kuhusu taa, kuhusu kamera, kuhusu muda. Hakuna aliyegusia kwamba mhusika mmoja alimwambia baba yake "wewe" pale ambapo heshima ingedai "baba", na kwamba hapo ndipo kisa kilipopinduka. Jaji hakuwa mbumbumbu. Lugha aliyokuwa akihukumia haikuwa na mlango wa kupitia hapo.

Kwa hiyo mwalimu anayetayarisha filamu ya shule mwaka huu na aifanye kazi mara tatu. Iigizwe kwa lugha ambayo kisa kilitukia. Iandikwe Kiswahili chini ya picha ikiwa lugha hiyo ni Kiisukha, Kidigo au Kiturkana, ili Mkenya wa upande mwingine aifuate. Kiingereza kije baadaye, kwa ajili ya fomu. Na ikishaonyeshwa, wanafunzi waketi chini waijadili kwa Kiswahili, kwa utaratibu, wakisahihishana msamiati. Hapo watauliza kinaitwaje kile kitendo cha kukata picha mbili na kuziunga, na mwalimu atalazimika kutafuta. Istilahi za filamu katika Kiswahili ni chache kwa kuwa majadiliano ya filamu katika Kiswahili ni machache. Wale wanaosubiri istilahi zikamilike kwanza ndipo wajadili wanasubiri kitanda kabla ya usingizi.

Gharama itatajwa. Maandishi ya lugha mbili huchukua siku nyingi, na mwanafunzi wa Shirere hana siku nyingi wala umeme wa uhakika. Sina dawa ya umeme. Lakini siku nilizokaa naye tukitafuta neno zilinifunza zaidi ya makala kadhaa nilizokwisha kuchapisha.

Tulijaribu "amani", ikawa ya kanisani. Tulijaribu "salama", ikawa ya safarini. Tulijaribu "nimekuja kwa heri", ikawa ndefu. Bibi alikuwa amekwisha kufunga mdomo na maandishi bado yanatembea. Mwishowe mwanafunzi aliamua kuliacha "mulembe" kama lilivyo, katika Kiswahili na katika Kiingereza pia, mara zote tatu, na kuongeza sekunde nne za uso wa mwenye shimo kabla hajaitikia. Tuliionyesha upya kwa wale wale waliocheka. Mara ya kwanza neno lilipotajwa walitazamana. Mara ya pili ukumbi ulinyamaza. Mmoja wao, Mkamba wa Makueni, aliuliza baadaye kama yule nyanya alikuwa akisalimu au akishtaki, na ubishi juu ya swali hilo ulituchukua hadi bawabu alipokuja kufunga mlango.

Fomu imekwisha kutumwa. Palipoulizwa lugha ya filamu, pakiwa na nafasi ya neno moja, ameandika mawili.